Plagi ya Muli

Pikipiki ililetwa kwa mkokoteni wa punda asubuhi ya Jumanne, ikiwa imefunikwa kwa magunia mawili ya pamba yaliyoshonwa pamoja. Fundi Kiema alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mteja aliposikia mkokoteni ukisimama mbele ya gereji yake pale Kitui mjini, na sauti ya mwanamke ikisema, "Fundi, Bwana asifiwe."

Hakuhitaji kutoka chini ya gari ili ajue ni nani. Sauti hiyo aliisikia kila Jumapili, ikianzisha nyimbo upande wa akina mama, naye akiwa amekaa benchi la mwisho karibu na mlango ili ibada ikiisha awe wa kwanza kutoka.

"Amina, mama Muli," akajibu, akajivuta nje.

Kalondu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, asiyekuwa na haraka ya maneno. Watu waliendelea kumwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza ingawa Muli alikuwa amezikwa mwaka wa themanini na tano, na sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Alifungua kamba mwenyewe, akayavuta magunia.

"Nimekuletea mgonjwa," akasema. "Amelala kwangu siku nyingi. Sasa kuna mtu anamhitaji."

Kiema aliitazama. Tangi jekundu lilikuwa limebonyea upande wa kulia, usukani umepinda, na bomba la moshi lilikuwa wazi mwishoni kama mdomo wa mtu aliyeshtuka. Kamba aliyoishika Kalondu ilikuwa bado na alama ya fundo. Fundo hilo lilifungwa na Kiema mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amelifungua.

Nyuma ya mkokoteni alisimama Mutindi, dada yake Muli, aliyekuwa amemaliza masomo ya uuguzi mwaka huo.

"Nimepelekwa Tseikuru, fundi," akasema. "Zahanati ni moja, vijiji vimetawanyika mpaka huko kwa wafugaji, na chanjo haitembei yenyewe. Wamenipa sanduku la barafu. Miguu hawakunipa."

"Na unajua kuipanda?"

"Muli alinifundisha kwenye uwanja wa shule. Nilianguka mara nne. Yeye alicheka mara tano."

Kalondu alitabasamu kidogo. Kiema aliinama akajifanya anatazama mnyororo.

"Wenye pikipiki kule," Mutindi akaendelea, "wote wameinua bomba la moshi likapita juu ubavuni, na mahali pa kuvutia hewa wamepaweka chini ya kiti. Kuna mito ya mchanga. Mvua ikinyesha mbali, maji yanakukuta katikati. Hii ya Muli bomba lake linaburuta chini, na chujio la hewa limetobolewa, mchanga utaingia. Utaweza?"

"Nitaifanya," Kiema akasema, na mdomo wake ukawa umetangulia moyo wake.

*

Miaka mitatu nyuma gereji ya Kiema ilikuwa Salama, upande wa Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Muli alikuwa karani wa chama cha ushirika wa pamba, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, anayependa mashine kama wengine wanavyopenda mifugo. Alitaka pikipiki yake ivute vizuri kwenye milima ya Kilungu. Kiema akamtengenezea bomba la moshi lisilobana, kisha akalitoboa kasha la chujio la hewa ili injini ipumue.

Injini inayopumua zaidi inataka petroli zaidi. Kila fundi anajua hilo. Kwa hiyo ndani ya kabureta hubadilishwa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kinachopima petroli. Petroli ikiwa chache kuliko hewa, injini huwaka moto kupita kiasi. Na injini ya aina ile, inayolainishwa kwa oili iliyochanganywa ndani ya petroli hiyo hiyo, hukauka pia. Haya yote huandikwa kwenye plagi, kile kipande chenye kaure nyeupe kinachotoa cheche za kuwasha petroli. Ikitoka na rangi ya kahawia, injini iko sawa. Ikitoka nyeusi, inakunywa kupita kiasi. Ikitoka nyeupe, inaungua.

Siku ile plagi ilitoka nyeupe. Kiema aliiona. Alikuwa amekwisha kuweka jeti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na nyingine ingebidi iagizwe Nairobi. Muli alikuwa na barua ya chama ya kufikisha Kibwezi kabla ya ofisi kufungwa, na injini ililia vizuri hata wauza machungwa wa kando ya barabara wakageuka kutazama.

"Iko sawa, fundi?" Muli aliuliza.

Kiema aliirudisha plagi mahali pake, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Itakubali," akasema.

Haikukubali. Baada ya Emali barabara huteremka ikanyooka, na huko Kiboko injini ilishika ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, likamtupa Muli kwenye lami. Polisi waliandika kwamba alikuwa akienda kwa kasi. Katika ibada ya mazishi, mchungaji aliwaonya vijana juu ya wazimu wa mwendo, huku Kalondu amekaa mbele kabisa karibu na sanduku la mwanawe, mikono juu ya magoti. Watu wakasema amina. Kiema naye alisema.

Wiki mbili baadaye alipewa mabaki ya pikipiki ayapeleke Kitui kwa mama wa marehemu. Kabla ya kuyapeleka aliifungua injini akiwa peke yake. Ukingo wa pistoni ulikuwa umeyeyuka na kugandamana na silinda. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Akaifunga tena injini, akarudisha kila kitu, akaifunika kwa magunia, akakaza fundo. Mwezi uliofuata alihama Salama, akawaambia watu kwamba Kitui kuna kazi zaidi.

Huko Kitui ndipo alipoanza masomo ya jioni ya watu wazima. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na watu walidhani anataka kusoma Biblia. Ni kweli alitaka. Lakini pia kulikuwa na kitabu cha mafundi alichokuwa nacho miaka yote, akikitazama picha tu. Ilimchukua karibu miaka miwili, mwalimu akimsaidia na Kiingereza, kufika ukurasa uliosema kwamba hewa ya nchi ya chini ni nzito kuliko hewa ya mlimani, na kwamba mashine iliyopimwa juu, ikishuka, hukosa petroli hata kama kule juu ilionekana sawa. Kiema alisoma mstari huo kwa kidole, mara tatu. Salama iko juu. Kibwezi iko chini. Plagi iliyokuwa nyeupe pale Salama ilikuwa ikienda mahali pabaya zaidi, naye hakujua hata hilo.

Alikuwa mtu wa sala. Kabla ya kuwasha injini yoyote aliyoitengeneza, aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu juu ya mwenye mashine, kwa jina. Lakini kwa miaka mitatu kila alipoomba kulikuwa na mahali ambapo sala yake ilifika ikazunguka, kama mtu anayezunguka kisima kilichobomoka gizani.

*

Sasa kisima chenyewe kilikuwa kimeletwa gereji kwa mkokoteni.

Kitu cha kwanza alichokifanya Kiema, mkokoteni ulipokwisha kuondoka, ni kuchukua spana na kuitoa plagi. Ilikuwa bado nyeupe. Aliitia katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, na haikutoka humo kwa wiki tatu.

Kisha akafanya kazi. Silinda ilipelekwa Nairobi kuchongwa, ikarudi na pistoni mpya. Usukani ulinyooshwa. Bomba la moshi alilitengeneza upya, likapanda kutoka kwenye injini na kupita ubavuni chini ya paja la mpandaji, akalivika bati lenye matundu ili Mutindi asiungue. Chini ya kiti aliweka kasha la hewa kubwa lenye sponji iliyolowekwa oili, mdomo wake ukiangalia juu mahali ambapo maji na mchanga haviwezi kufika kwa urahisi.

Jeti alizinunua kwa Abubakar, muuza spea wa karibu na msikiti, mtu ambaye babu yake alitoka Pwani na ambaye yeye mwenyewe alizungumza Kikamba vizuri kuliko Wakamba wengi.

"Jeti nne!" Abubakar akashangaa. "Fundi, hii pikipiki unaitengeneza au unaiposa?"

"Nipe hizo, Abu. Namba mia moja, mia na tano, mia na kumi, mia na kumi na tano."

"Na usipopata unayotaka?"

"Nitarudi."

"Utarudi, najua. Mimi nitajenga ghorofa kwa sababu ya pikipiki ya mtoto wa Kalondu."

Lakini alikuja mwenyewe siku ya kuijaribu, akakaa juu ya jiwe kando ya kipande cha barabara kilichonyooka nje ya mji. Kiema aliinamisha kichwa, akaomba, akapiga kiki. Alipanda mpaka gia ya tatu, akafungua petroli yote, akaenda hivyo kwa nusu maili, kisha ghafla akazima injini na kubana klachi, ikajiviringisha mpaka iliposimama. Hivyo ndivyo plagi husomwa. Ukiiacha injini ingurume taratibu kabla ya kuizima, plagi hubadilika rangi na kukudanganya.

Jeti ya mia moja ilitoa plagi nyeupe. Ya mia na tano ilitoa rangi ya majivu. Ya mia na kumi ilitoa kahawia.

"Kama chai ya mke wangu!" Abubakar akapiga kofi. "Alhamdulillahi. Mpe mtoto wa watu mashine yake."

"Bado."

"Bado nini tena?"

"Hiyo ni kahawia ya Kitui. Ya Tseikuru sijaiona. Tseikuru ni chini."

"Kwani Tseikuru wana kahawia yao?"

"Wana hewa yao."

Abubakar alimtazama, akaacha kucheka. "Basi weka kubwa zaidi, umalize."

"Nitakuwa nimebahatisha. Ikizidi, plagi itajaa masizi, izimike porini na barafu iyeyuke. Ikipungua..." Mkono wa Kiema ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukarudi.

*

Ijumaa mchana alikwenda nyumbani kwa Kalondu kumwambia kwamba pikipiki haitapandwa kwanza. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alimkuta ameketi uani akipepeta ndengu. Akakaribishwa kigoda.

"Umekuja wakati mzuri," Kalondu akasema. "Nimezungumza na mchungaji. Jumapili pikipiki itawekwa mbele ya kanisa, tutaiwekea mikono, tuiombee. Kisha Mutindi ataipanda watu wote wakimwona, aondoke nayo taratibu mpaka Tseikuru. Jumatano anaanza chanjo."

"Mama, ndiyo nimekuja kwa sababu hiyo. Naomba isipandwe. Kuna lori linakwenda Tseikuru Jumatatu kuchukua mbuzi. Nitaipakia, niende nayo, niipime huko huko. Siku moja tu. Jumatano itamkuta tayari."

Ungo ulisimama.

"Ipakiwe kwenye lori la mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Fundi Kiema, wewe unajua watu waliiitaje mashine hii?"

"Najua."

"Jeneza. Walisema mwanangu aliifanya jeneza kwa kiburi chake. Mpaka leo mtu akitaka kumkanya kijana wake anamtaja Muli. Mimi nikipita, wananyamaza. Nataka waione ikitoka kanisani inaendeshwa vizuri, na mtoto wangu mwingine, mchana. Halafu wewe unataka nionekane nimeipeleka kwa kificho kwenye lori la mbuzi."

"Si kificho, mama. Hapa plagi ni nzuri. Kule chini hewa ni nzito, inaweza kukosa petroli."

"Abubakar ameniambia iko sawa."

"Iko sawa kwa hapa."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza Salama pia," Kalondu akasema, akaanza tena kupepeta. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetafuta kumwelewa fundi wake. "Hiyo ya Muli, uliipeleka chini kwanza?"

Kuku alipita uani. Mahali fulani nyuma ya nyumba Mutindi alikuwa akifua, wakasikia maji yakimwagwa.

Kiema angeweza kusema kwamba wakati huo hakujua. Ingekuwa kweli. Angeweza kusema mambo mengi ya kweli, na kila moja lingemsaidia kuzunguka kisima. Aliteremka kwenye kigoda akapiga magoti chini kwenye makapi, akatoa plagi mbili mfukoni, akaziweka ndani ya ungo juu ya ndengu. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine ya kahawia.

"Hii ya kahawia ni ya wiki hii," akasema. "Hii nyeupe ni ya Muli. Ilikuwa ndani ya injini siku ile. Plagi ikiwa nyeupe, mama, injini inaungua. Niliiona Salama kabla hajaondoka. Aliniuliza kama iko sawa. Nikamwambia itakubali."

Kalondu aliushusha ungo magotini.

"Injini ilishika akiwa barabarani, gurudumu likafunga. Niliifungua baadaye, nikaona pistoni imeyeyuka. Halafu nikaifunga, nikakuletea."

"Hakuwa anakimbia?"

"Hata angekuwa anakwenda mwendo wa kawaida, ingemwangusha. Si mwendo. Ni mimi."

"Mazishini ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Mchungaji aliposema yale maneno, ulisema nini?"

"Nilisema amina."

Mutindi alikuwa amekuja mpaka kwenye pembe ya nyumba, mikono yake ikiwa na povu la sabuni. Alikuwa amesikia, kwa muda gani hakuna aliyejua. Kalondu aliichukua plagi nyeupe kutoka kwenye ndengu, akaigeuza kwa vidole viwili, akaipangusa kwa kanga yake kama mtu anayetarajia weupe utatoka.

"Miaka mitatu," akasema polepole, "kila usiku na kila Jumapili namwomba Mungu amsamehe mwanangu. Amsamehe kwa kuyachezea maisha aliyompa. Nimeomba msamaha wa kosa ambalo mtoto hakulifanya. Na wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu ukinisikia."

Kiema alibaki amepiga magoti kwenye makapi.

"Inuka. Nenda kwako," Kalondu akasema. "Jumapili njoo kanisani. Utasema mbele, palepale aliposemwa. Kisha utapakia hiyo pikipiki kwenye lori lako la mbuzi."

Aliirudisha plagi ya kahawia mkononi mwa Kiema. Ile nyeupe aliifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kupepeta, ingawa ndengu zilikuwa zimekwisha kuwa safi.

*

Jumapili Kiema hakukaa nyuma. Alipoitwa alisimama mbele akiwa na shati lake la ibada, akasema maneno machache kwa sababu alikuwa na machache. Alisema jina lake. Alisema jina la Muli. Alisema polisi waliandika walichokiona, na mchungaji alihubiri alichoambiwa, lakini yeye alijua tofauti tangu siku ya kwanza, akanyamaza. Alisema Muli aliuliza swali zuri, ambalo mtu mwangalifu huuliza, akadanganywa na fundi wake.

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alivua miwani akaishika mapajani. Baadaye alisimama akasema kwamba yeye pia ana neno la kumwambia mama Muli, akashuka kutoka mimbarini akamwendea mahali alipokaa, na alichomwambia hakikusikika. Kisha Kalondu mwenyewe akaanzisha wimbo, sauti ikikatika kwenye mstari wa kwanza, wenzake wakaipokea.

Nje, watu walimpisha Kiema kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Wawili kati yao walikuwa wateja wake na hawakurudi tena kwake. Mutindi alimkuta kwenye lango.

"Lori linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuwepo." Alitazama pembeni. "Sijui kama nitakusamehe, fundi. Sitaki kusema uongo siku ya Jumapili. Lakini kuna watoto mia mbili wananisubiri Jumatano."

*

Walifika Tseikuru Jumatatu alasiri, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Joto la huko lilikuwa zito, la kukaa mabegani. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijakaza, Kiema aliisukuma pikipiki mpaka barabara ya mchanga mgumu nje ya soko, akatandika gunia, akapanga spana.

"Nionyeshe," Mutindi akasema. "Zote. Wewe hutakuwepo hapa."

Basi Kiema hakuigusa tena. Alimwelekeza kwa maneno tu, na mikono ilikuwa ya Mutindi. Alipanda, akafungua petroli yote, akazima, akabana klachi, akarudi akiisukuma, jasho likimtiririka. Akaitoa plagi mwenyewe kwa kitambaa ili asiungue.

Wote wawili wakainama juu yake.

"Si ile ya Kitui," Mutindi akasema.

Haikuwa. Kahawia ilikuwa imeondoka, na mahali pake palikuwa na rangi ya majivu, nyeupe ikianza kando. Jeti ileile, pikipiki ileile. Mutindi aliishika kwa muda, na Kiema alijua anafikiri nini, kwa sababu naye alifikiri hivyohivyo. Kama angeondoka kanisani akiipanda, watu wakipiga vigelegele.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa ya Muli?"

"Ya Muli ilikuwa mbaya zaidi, na hata haikuwa imeshuka bado."

Alimwelekeza namna ya kufungua bakuli la kabureta, kuitoa jeti ya mia na kumi na kuikaza ya mia na kumi na tano, pasipo kulazimisha, kwa sababu shaba ni laini. Mutindi akaweka plagi mpya. Kabla hajapiga kiki, Kiema aliinamisha kichwa kama kawaida yake, midomo ikisogea.

"Omba kwa sauti," Mutindi akasema. "Nisikie unachomwambia."

Akaomba kwa sauti. Alimtaja Mutindi, na barabara, na watoto wa Jumatano. Kisha akafika mahali pale ambapo kwa miaka mitatu sala yake ilikuwa ikizunguka, na safari hii hakuzunguka. Alimtaja Muli. Akasema, "Ulimwona akiniuliza. Ulinisikia nikimjibu."

"Amina," akasema Mutindi.

Aliporudi na kuitoa plagi, ilikuwa ya kahawia.

*

Kiema alirudi Kitui akiwa juu ya lori, katikati ya mbuzi. Kalondu hakumwamkia kanisani Jumapili hiyo, wala iliyofuata.

Mwisho wa mwezi, siku ya soko, Kalondu alisimama mbele ya gereji. Abubakar alikuwa hapo akipiga domo. Alipomwona alisema, "Mgeni ameingia, mimi natoka," akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Kalondu alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akafungua pindo la kanga. Mlikuwa na plagi mbili. Moja Kiema aliijua. Nyingine ilikuwa imezungushiwa karatasi ya zahanati.

"Mutindi ameitoa jana baada ya safari ndefu," akasema. "Ameweka nyingine, hii akampa kondakta wa basi. Nimemwambia kila mwezi aniletee. Simwoni yeye, basi nione hii."

"Ni vizuri, mama."

"Soma."

Kiema aliifuta mikono yake, akaipokea. Hakuisoma haraka. Alitoka nayo mpaka kwenye jua, akaigeuza pande zote, akatazama ncha, akatazama kaure, akatazama kama kuna weupe hata kidogo unaoanzia kando. Kalondu alimtazama anavyotazama.

"Kahawia," akasema. "Iko sawa, mama Muli. Ningeona weupe ningekuambia."

"Nimeona kwamba ni kahawia," Kalondu akasema, akanyoosha mkono arudishiwe. "Macho ninayo. Nilitaka kukusikia ukisema."

Akaifunga tena, zote mbili katika fundo moja, akainuka kwenda sokoni.